Mkandarasi wa Lundo la Udongo

Mimi nimestaafu. Msicheke. Najua mtu akisema amestaafu mnategemea kuona mvi, fimbo na redio ya mbao, na mimi ndevu zenyewe zimeanza kuota vizuri juzi tu. Lakini mtu akikabidhi chepe, reki na buti, akaagwa kwa soda na maandazi kwenye banda la miche, halafu kesho yake asiende kazini, huyo amestaafu. Mvi zitanikuta nyumbani.

Nawaandikia nyie mlioingia kitaluni msimu huu. Siku ya kuagwa msimamizi aliniambia niseme neno kwa vijana, nikasema kunyweni soda zisipate moto. Mkacheka, ikapita. Neno lenyewe ndo hili. Mimi ni wa darasa la saba, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu ndani. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndo maana herufi zimelala chali. Mkono wa kulia mmeuona. Wengine mliuangalia kwa kuibia, na mmoja wenu aliniuliza kama ni mashine ya kusaga. Sio mashine. Nitafika huko, kwanza nianzie mwanzo.

Siku ya kwanza nilipelekwa kwa Mama Tekla. Huyu mnamjua, ila mnamjua wa sasa, anayekaa kimya. Mjane wa kutoka upande wa Peramiho, viganja vyake vipana kuliko vya mwanaume yeyote pale, sauti ndogo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua kichwa, mkono uko ndani ya udongo mpaka kwenye kiwiko. Kazi yake ilikuwa lundo. Udongo ukishashushwa na gari, hakuna mtu kugusa mpaka yeye aupitie. Akiridhika ndo unapita kwenye chekeche, unachanganywa na samadi na mchanga, halafu tunajaza viriba, ile mifuko myeusi ya nailoni ya kuoteshea miche.

Nilimwambia mimi nimejaza magunia ya mahindi tangu mtoto, vimifuko hivi ni vya kuchezea. Akanipa kigoda. Nikajaza, nikapanga mstari mrefu, nikajisifu. Mama Tekla akaja, akakisukuma cha kwanza kwa kidole kimoja, mstari mzima ukalala chini.

"Wote hawa wametoka kwenye komoni, wamelewa," akasema. "Waamshe."

Siri ya kiriba iko kwenye vidole viwili, cha shahada na cha kati. Unatia udongo nusu, unashindilia kona za chini kwa vidole hivyo, unatia tena, unashindilia tena. Kona ikibaki na hewa, mzizi unafika pale unaoza. Hakuna mashine ya hiyo kazi, wala kijiti hakifai maana kinatoboa. Ni vidole viwili. Kumbukeni hapo.

Sasa kiumbe ninayemsemea humu nilikutana naye siku hiyohiyo, jioni kidogo. Nachota udongo, kitu cheusi kikajinyonga kati ya vidole vyangu. Kinang'aa kama kimepakwa mafuta, kinene kama penseli, kirefu kuizidi kidogo, hakina mguu hata mmoja. Sikumbuki nilivyoruka. Nakumbuka nilipotua, juu ya toroli, nimesimama.

Aliyekuwa jirani yangu ni Shaibu, Myao wa Tunduru, kwao wakulima wa korosho. Hatukuwa tumejuana hata siku moja, lakini utani wa Myao na Mngoni hausubiri. Akawaambia watu, jamani njooni muone Mngoni, babu zake walikuja huku na mikuki na ngao, mjukuu kapanda toroli.

Mama Tekla hakucheka. Alikiokota kile kitu kwenye kiganja kama mtu anayeokota yai. Akaniita nishuke. Akaniambia huyu sio nyoka, ni mjusi. Nikamwambia mama, mjusi bila miguu? Akasema anaishi ndani ya udongo, anapita kwenye tundu la mnyoo, miguu ingemkwaza tu. Akamgeuza chali. Tazama tumbo, akasema. Magamba ya tumboni madogo, sawa na ya mgongoni, laini kuzunguka pande zote. Nyoka tumbo lake lina magamba mapana, moja linapanda juu ya jingine kama bati za paa. Na ukimbana kwa nguvu huyu anakuachia mkia, nyoka hakuachii kitu.

Nyumbani kwetu kitu kama hicho kinaitwa ndumakuwili, nyoka wa vichwa viwili, na akikukatiza njia kuna mtu anakufa. Unampiga jembe kwanza, maswali baadaye. Nilimweleza Mama Tekla hivyo. Akaniuliza huko kwenu mlikoua wengi, watu wameacha kufa?

Kitaluni jina lake lilikuwa Mkandarasi. Shaibu ndiye aliyembatiza. Alisema anachimba siku nzima, humuoni, na akimaliza barabara haipo.

Pembeni ya lundo kulikuwa na ndoo ya njano yenye majani mabichi. Kila mkandarasi tuliyemkuta aliingia humo, na gari likienda kuchota tena, ndoo inakwenda nalo, anarudishwa kwao. Mgeni yeyote angedhani tumerogwa. Mama Tekla hakuwa na hotuba ndefu juu ya hilo. Alisema udongo wenye yule mjusi ni udongo ambao haujaungua, haujakauka, una wadudu na una majani ya miaka. Ukimuua leo, kesho utaujuaje udongo?

Kwao ni Bondeni, huko gari lilikokuwa linachota udongo. Nyie mmekuta shimo, kwa hiyo niwaelezee. Ukitoka kitaluni unapita mashamba ya mahindi, unaingia kwenye miombo. Kiangazi miombo inapukutika yote na watu wanachoma moto, ardhi inakuwa ngumu kama sakafu. Unatembea hivyohivyo kwenye majivu, halafu ghafla ardhi inashuka, na kule chini kuna kijito na miti isiyopukutika kamwe. Giza la mchana. Majani yamelaliana tabaka kwa tabaka, ukikanyaga unazama mpaka kwenye kifundo. Harufu ya uyoga. Ukigeuza gogo lililooza unakuta mchwa, mabuu, na katikati yao mkandarasi, kama kamba ya kiatu iliyodondoshwa. Hakimbii. Anazama tu, unabaki unaangalia pale alipokuwa.

Hapo ndo kwao na kwingine hana. Mmoja tulimsahau juu ya bati juani tukaenda kunywa uji, tuliporudi alikuwa amekauka kama ngozi ya soseji. Kwenye miombo haendi. Dunia yake inaishia pale majani mabichi yanapoishia, na pale palikuwa hatua chache kutoka kwenye majivu.

Mama Tekla alikuwa na namna ya kuchota. Reki tu, jembe marufuku. Unakwangua juu kina cha kiganja, unaruka, unakwangua pengine, hurudi pale mpaka msimu upite. Na gogo ukiligeuza unalirudisha upande uleule uliokuwa chini. Nikisahau alikuwa haniiti jina langu mara mbili.

"Funga mlango, Otmari."

Basi narudi, nafunga mlango. Miaka yangu mizuri kazini ilikuwa hiyo. Nilikuja kuwa mjazaji wa haraka kuliko wote, Shaibu alisema vidole vyangu viwili viajiriwe peke yao, mwili uliobaki urudi kijijini kula.

Halafu likaja parachichi. Kila mwenye shamba na asiye na shamba akataka miche ya kubebesha, ile inayoungwa kijiti cha mti mwingine. Tajiri mwenye kitalu akakipanua, banda likafika barabarani. Udongo wa reki ukawa hautoshi. Kikaletwa kikosi cha vibarua na sururu, likaletwa tipa. Bondeni walichimba mpaka wakafika kwenye udongo mwekundu wa kufinyangia vyungu. Magogo yakauzwa kuni. Miti mikubwa ikabaki imesimama mizizi nje kama kuku aliyenyonyolewa miguu, mvua zilipokuja ikaanguka mmojammoja. Ndoo ya njano ilikwenda na gari ikarudi hivyohivyo na wakandarasi ndani, maana dereva alisema hajaona penye majani pa kuwamwaga.

Bondeni kulipoisha, tipa likaanza kuchota popote. Shamba la zamani la mahindi, kichuguu cha kule kwenye miombo, ukingo wa barabara. Na udongo wote unamwagwa kwenye lundo lilelile. Mama Tekla alikwenda kwa msimamizi, Bwana Haule, akamwomba udongo wa kila mahali umwagwe peke yake. Bwana Haule sio mtu mbaya, nyie wenyewe mnamjua. Alimwonyesha uwanja uliojaa viriba akamuuliza, mama, nimwage wapi, kichwani kwangu? Mama Tekla akarudi kwenye lundo. Akaanza kutumia reki kabla ya mikono. Lakini tulikuwa tunakimbizwa, na reki ni moja.

Asubuhi yenyewe uji ulikuwa bado wa moto. Tulikuwa tumezunguka lundo, Mama Tekla upande wa huku, mimi na Shaibu upande wa pili. Udongo wa juu ulikuwa mweusi, unanukia uyoga, yaani udongo wa Bondeni kabisa, mabaki tuliyodhani ni ya mwisho. Chini yake, sisi hatujui, tipa lilikuwa limemwaga kichuguu. Mama Tekla akaona kitu cheusi kinajinyonga mbele yangu, kinang'aa, unene uleule, urefu uleule.

"Mkandarasi huyo, Otmari," akasema. "Mtoe."

Nikamtoa. Nilimshika kama alivyonifundisha, katikati ya mwili, kwa ncha za vidole, bila kumbana. Niliona tu kwamba anainamisha shingo, pua inatazama chini, kitu ambacho mkandarasi hafanyi. Mdomo hakuufungua. Nataka mlielewe hilo, mdomo hakuufungua. Alipitisha kichwa pembeni ya kidole cha shahada kama anayejikuna, jino likatokea ubavuni mwa mdomo, likanichoma. Nikamtupa. Kwa muda kidogo sikusikia kitu. Halafu ilikuwa kama nimeshika kaa la moto na haliachii.

Shaibu alimpiga chepe, akamgeuza. Tumbo lilikuwa na magamba mapana, yamepandana kama bati. Na mkia una kimwiba nchani. Ni nyoka mweusi wa ardhini, huyo hashikiki popote, hata ukimbana nyuma ya kichwa anakufikia. Mama Tekla alilitazama lile tumbo kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.

Sasa hapa msikilize kama mlivyosikiliza soda. Shaibu alikimbia akakata mpira wa tyubu ya baiskeli, akanifunga chini ya kiwiko, akakaza kwa meno. Akatoa wembe akanichanja kwenye kidole damu itoke na sumu. Ndivyo baba yake alivyokuwa akifanya huko kwenye mikorosho, na yeye alikuwa analia akifanya. Nikapakiwa bodaboda. Shaibu nyuma yangu ananishikilia, njia nzima ananiuliza kama bado namwona. Nikamwambia namwona na ndo kinachoniumiza.

Hospitalini mganga mmoja, mtu mzima, aliukata ule mpira kabla hajaniuliza jina. Mkono ulikuwa umeshakuwa wa rangi ya bilinganya. Akasema dawa ya nyoka waliyo nayo sio ya nyoka huyu, huyu hana dawa yake, wanachoweza ni kunituliza maumivu, kusafisha, na kungoja waone kitakachopona. Akauliza nani alinifunga. Shaibu akainua mkono kama mwanafunzi.

"Ulimpenda sana," yule mganga akamwambia. "Ungempenda kidogo tu, huenda ingekuwa nafuu."

Vile vidole viwili havikupona. Cha shahada kilikuwa cheusi na kikavu, kikakatwa chote. Cha kati kilipasuka malengelenge, kikafuata mpaka kwenye kiungo cha chini. Shaibu alikuja kila alipopata lifti, akakaa kitandani miguuni mwangu, hana utani. Nilimwomba aseme kitu maana kimya chake kilikuwa kinanitisha kuliko kidonda. Akafikiri, akasema, wewe Mkristo, kidole cha shahada ulikuwa unakitumia kwa kazi gani? Tukacheka mpaka mgonjwa wa jirani akaomba tutolewe nje. Halafu akainama kwenye blanketi, hakuinua kichwa mpaka lifti yake ikapiga honi.

Mama Tekla hakuja. Alituma kuku, mchele, na salamu kwa mdomo wa watu.

Niliporudi kazini nilijaribu kujaza. Kidole cha pete na kidole cha mwisho haviingii kwenye kona, vinakwama. Kushoto nilikuwa natoboa mifuko. Viriba vyangu vikalala chini vyote kama siku ya kwanza, na safari hii hakuna aliyesema vimetoka kwenye komoni. Bwana Haule akanipa keni nimwagilie, lakini keni yenye maji inataka mkono unaokaza. Nilivumilia kiangazi kimoja hivyo. Ukweli ni kwamba hakuna aliyenifukuza. Asubuhi moja niliona nimemwagilia buti zangu kuliko miche, nikaenda kwa Bwana Haule mwenyewe.

Lakini kilichonitoa kitaluni sio keni peke yake. Ni Mama Tekla. Nilimkuta kwenye lundo na chepe. Mikono ndani ya udongo haingizi tena. Anachokiona cheusi anakikata, pa, kipande huku kipande huku, anaendelea. Mkandarasi, mnyoo mkubwa, mzizi, vyote. Ndoo ya njano imewekwa sabuni ya kunawia. Nilimwamkia kila siku, akaitika kila siku, na macho yake yanaishia begani kwangu. Mkono hakuuangalia hata mara moja. Nikikaa upande wa kulia kwake, anahama. Na nyie mlioingia juzi mmejifunza kwake hivyo, mnapiga chepe kwanza. Siwalaumu. Mimi ningewaambia nini, mimi ndo tangazo lenyewe.

Basi siku ya soda. Mlipotawanyika nikaenda kwenye lundo kumuaga. Tipa lilikuwa limeleta mzigo mmoja kutoka juu kabisa ya Bondeni, pale kwenye chemchemi, kipande ambacho sururu zilikuwa hazijafika. Harufu niliisikia kabla sijafika. Mama Tekla ameinua chepe. Mbele yake kitu cheusi kinajinyonga.

Nikaupeleka mkono. Wa kulia, maana ndo uliokuwa karibu. Chepe likasimama juu yake hewani.

"Toa mkono," akasema.

Sikuutoa. Nilikuwa naogopa, nawaambia kweli, jasho lilinitoka mgongoni kama nimemwagiwa keni. Nilimgusa kwanza kwa mpini wa reki. Hakuinamisha shingo. Akaanza kuzama, taratibu, kama wanavyofanya. Nikamwingizia kiganja kwa chini, nikamwinua, nikamgeuza chali.

"Mama, angalia tumbo."

Kuliangalia tumbo ilibidi auangalie mkono. Hakukuwa na namna nyingine, mjusi alikuwa amelala palepale kwenye vishina vya vidole. Aliangalia begani, akaangalia chini, akaangalia begani tena. Halafu akaweka chepe, akainama, akaangalia. Magamba madogo, laini, pande zote sawa. Akanyoosha kidole chake, nikadhani anamgusa mjusi. Alinigusa mimi, pale kovu lilipo.

"Mimi ndiye niliyesema mtoe," akasema.

Nikamwambia mama, na mimi ndiye niliyemtoa, na Shaibu ndiye aliyefunga, na tipa ndilo lililomwaga, tukigawana hivyo hakuna atakayebaki na fungu la kushiba. Hakucheka. Sikutegemea acheke.

Mjusi akachoka na mazungumzo yetu. Akajisukuma, akapita kwenye ule uwazi ambapo palikuwa na vidole, nikafumba mkono ghafla kumzuia asidondoke kwenye chepe. Mkia ukabaki kiganjani, unacheza peke yake. Yeye akaangukia kwenye kanga ya Mama Tekla.

Mama Tekla akamfunika na upindo wa kanga, akatazama upande wa Bondeni, akaniuliza tumpeleke wapi sasa. Tulizunguka kitalu kizima na yule mjusi kwenye kanga kama watu wanaotafuta nyumba ya kupanga. Tukapata nyuma ya choo, pale maji ya kunawa yanapopitia. Kuna migomba, kuna majani yaliyooza, kuna gogo la mgomba lililolala tangu mvua za nyuma, na chini yake mchwa wapo. Sio Bondeni. Ni kadiri ya meza moja. Nikaliinua gogo, akamweka, akazama.

Nikasimama pale na gogo mkononi, najishauri maneno ya kuagana.

"Funga mlango, Otmari," akasema.

Nikaufunga, upande uleule uliokuwa chini.

Kwa hiyo neno langu kwa vijana ni hili. Udongo usiojua ulikotoka, kwanza reki, mkono baadaye. Kitu cheusi kikijinyonga, kigeuze kwa mpini, tazama tumbo. Likiwa la bati za paa, rudi nyuma, uite watu, usikishike hata kwa mbwembwe. Mwenzenu akigongwa, msimfunge, msimchanje, mtulizeni na mpelekeni hospitali. Na mkienda kusafisha nyuma ya choo, acheni lile gogo. Mkilazimika kuliinua mkamkuta mweusi hana mkia, ndiye huyo. Mama Tekla anasema utaota tena.